Vidoa vya Utotoni, Jua Letu na Kansa ya Ngozi

(Maneno haya yalisemwa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama chetu. Tumeyachapa kama alivyoyatoa. – Mhariri)



 Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze, aliniruhusu nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo, kisha akaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba nisizidishe nusu saa. Nitajitahidi. Mimi si daktari, na nisingependa mtu yeyote atoke hapa akidhani kuwa amepimwa. Kazi yangu ni ya utumishi: mafaili ya wafanyakazi, likizo, ruhusa za ugonjwa, mafao. Lakini mtu akikaa na mafaili karibu miaka ishirini, mafaili nayo humfundisha. Yale ambayo hayakunifundisha nimeyatafuta kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaoyajua.

Habari yenyewe ilianza kwa simu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wangu, ambaye sasa anaishi Uingereza na ameoa huko, alinipigia miezi michache iliyopita. Mtoto wake wa miaka tisa ana vidoa vyeusi mwilini, vile vidogo vya mviringo ambavyo karibu kila mtu anavyo, na wengine huviita mabaka. Daktari wa huko alimwambia avitazame mara kwa mara, na asimwache mtoto aunguzwe na jua wakati wa likizo, kwa kuwa vidoa vya utotoni vina uhusiano na kansa ya ngozi ya ukubwani. Mwenzetu akaniuliza: mbona sisi tulikulia Temeke, tukacheza mpira juani mchana kutwa, na hakuna aliyetuhesabia vidoa? Je, tulikuwa hatarini bila kujua?

Swali lake lina majibu mawili, Ndugu Mwenyekiti. La kwanza linatutuliza wengi wetu. La pili linaihusu shule hii moja kwa moja, na ndilo lililonileta.

Nianze na huko Ulaya, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikochunguzwa zaidi. Ndani ya ngozi ya kila mtu kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Rangi hiyo huitwa melanini. Seli hizo zikikusanyika mahali pamoja hufanya kidoa. Mtoto mchanga huwa na vichache au hana kabisa; huongezeka kadiri anavyokua mpaka anapofika miaka thelathini au arobaini hivi, kisha uzeeni huanza kufifia. Kidoa chenyewe si ugonjwa. Lakini seli hizo hizo zikiharibika, zikaanza kuzaana bila mpango, huwa kansa iitwayo melanoma, ambayo ni katika zile kali, kwa kuwa isipokatwa mapema husafiri kwenda kwenye mapafu, ini na ubongo.

Wengi hudhani kila melanoma hutoka katika kidoa cha zamani. Sivyo. Zilizo nyingi, kama 7 katika kila 10, huota mahali ambapo hapakuwa na kidoa chochote. Kidoa basi ni shahidi zaidi kuliko mshitakiwa: huonyesha mtu ana ngozi ya namna gani, na ngozi hiyo imepigwa na jua kiasi gani katika miaka yake ya mwanzo. Mtu mweupe mwenye vidoa zaidi ya 100 ana hatari ya kupata melanoma kama mara 7 ya mwenzake mwenye vidoa visivyofika 15. Tena vidoa hivyo huongezwa na jua la utotoni. Kule Vancouver, Kanada, watoto wa shule waliopewa mafuta ya kukinga jua kwa muda wa miaka 3 waliota vidoa vipya vichache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000.

Jambo lililonigusa zaidi ni la Australia, nchi ambayo Wazungu wake wanaongoza duniani kwa melanoma. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Australia ya Magharibi waliwaangalia wahamiaji kutoka Ulaya. Wale waliofika kabla ya kutimiza miaka 10 walikuwa na hatari sawa na waliozaliwa pale pale. Wale waliofika baada ya miaka 15 walikuwa na hatari ya robo tu. Jua ni lile lile, na wengine waliishi chini yake miaka hamsini. Kilichotofautiana ni umri ambao lilianza kuwapiga. Maana yake ni kwamba ngozi huweka hesabu yake tangu mtu akiwa shule ya msingi, na deni hudaiwa ana miaka arobaini. Nawaomba mliweke hilo akilini, kwa sababu nitalirudia.

Hayo ni ya ngozi nyeupe. Je, sisi?

Idadi ya seli zinazotengeneza rangi ni karibu sawa kwa Mzungu na kwa Mzaramo. Tofauti ni kwamba seli zetu hutengeneza melanini nyingi zaidi, na huisambaza vizuri zaidi juu ya seli nyingine kama mwavuli. Kwa hiyo jua letu, ambalo hapa Dar es Salaam hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba, halitupati kwa urahisi. Mwenzetu wa Uingereza nilimjibu hivi: wewe na mimi tulipocheza mpira juani hatukuwa tukijitengenezea melanoma. Vidoa vyetu vya mashavuni na vya mgongoni havituhitaji tukae mbele ya kioo tukivihesabu. Mtoto wako ni habari nyingine, kwa kuwa ngozi yake si kama yako. Huyo msikilize daktari wake.

Lakini melanoma haikutusahau kabisa. Ipo namna moja ambayo haiulizi habari za jua, nayo huota mahali pasipo na rangi nyingi: chini ya nyayo, viganjani na chini ya kucha. Namna hii huwapata watu wa rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana. Ila kwa kuwa sisi hatupati sana zile nyingine, basi kwetu ikitokea melanoma, mara nyingi ni hii. Na hapa Afrika Mashariki ilichunguzwa mapema. Katika miaka ya 1960 kule Kampala, daktari aliyeitwa Lewis, wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliangalia nyayo za Waganda na wenzao akitafuta uhusiano kati ya madoa meusi ya nyayo na melanoma ya nyayo. Uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1967 katika jarida la Uingereza la mambo ya kansa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba swali la vidoa na kansa ni la Wazungu peke yao. Liliulizwa hapa jirani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kijana mmoja hapo nyuma anatabasamu. Labda anadhani mambo ya nyayo ni ya wazee. Basi nikuambie habari za Bob Marley, ambaye kanda zake zilichakaa katika redio zetu. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwa kuwa alikuwa mpenzi wa mpira, ilidhaniwa ni jeraha la uwanjani. Alishauriwa kidole kikatwe, naye akakataa. Ukaondolewa ukucha na nyama kidogo. Aprili 1980 alipiga muziki Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, usiku wa uhuru wa Zimbabwe, na ugonjwa alikuwa nao. Alifariki Miami tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na miaka 36. Teke la mpira silo lililomletea kansa. Lililomdhuru ni kwamba jeraha lilikuwa maelezo mepesi ya doa lisilopona.

Kwa hiyo mtazame nyayo zenu. Wengi wetu tuna madoa meusi ya nyayo tangu ujana, na mistari myeusi katika kucha kadhaa, na hayo si ugonjwa. Linalohitaji daktari ni doa moja jipya linalokua kwa mtu mzima, lenye kingo zisizo sawa na rangi mchanganyiko, au linalotoa damu. Au mstari katika ukucha mmoja unaozidi kupanuka na kumwagikia kwenye ngozi ya pembeni. Na tafadhali tuache tabia ya kuchonga sugu kwa wembe pale mlangoni mwa kinyozi. Doa likichongwa huonekana limepona, kumbe limepewa nafasi.

Ndugu Mwenyekiti, sehemu ya kwanza nimeimaliza upesi kwa makusudi. Sasa nije kwenye ya pili.

Nilisema kuwa melanini ndiyo mwavuli wetu. Wapo wenzetu waliozaliwa bila mwavuli huo, katika nyumba zile zile za Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Manzese, wa mama na baba weusi kama mimi. Nasema habari za watu wenye ualbino. Enzi zetu tulisema zeruzeru, na hatukuona vibaya. Neno hilo sasa tuliache, kwa kuwa wenyewe wameomba liachwe. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 16,477 katika nchi nzima. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja wao aweza kuwa mweusi kabisa huku amebeba chembe hiyo bila kujua, na wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hakuna aliyelaaniwa, na hakuna mama aliyetoka nje ya ndoa. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu mwaka huu huu, hapa hapa mjini, nimesikia mtu mwenye shahada akisema kinyume chake.

Kansa inayowapata wenzetu hawa kwa kawaida si melanoma. Ni ile inayoanzia katika seli za juu za ngozi, mahali panapopigwa na jua: uso, masikio, mdomo wa chini, shingo, mikono. Katika jarida liitwalo Cancer la mwaka 1985, Dakta Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa hapa Dar es Salaam. Walikuta kwamba ngozi huanza kuharibika katika mwaka wa kwanza wa maisha. Walipofikia umri wa miaka 20, kila mmoja alikuwa na kansa ya ngozi au dalili zinazoitangulia. Kansa kubwa zilizidi kati ya miaka 30 na 40.

Yaangalieni majira hayo. Anaharibikiwa akiwa mtoto mchanga, anafika kidato cha nne akiwa na dalili, anaugua akiwa na watoto wadogo. Ndiyo hesabu ile ile ya Australia, ila kwetu inakwenda kasi zaidi. Katika kazi yangu nimepitisha mikononi mafaili matatu ya watumishi wenye ualbino. Yote matatu yana mfuatano mmoja: barua ya kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, ruhusa ya ugonjwa ya wiki mbili, ya mwezi, ya miezi mitatu, kisha barua ya mirathi. Hakuna hata moja lililofika kwenye karatasi ya kustaafu kwa umri.

Wa mwaka wangu mnajua kwamba tulikuwa na mwenzetu mmoja wa namna hii. Mama yake ameniruhusu niseme habari zake, lakini jina tumekubaliana tuliache. Tulianza naye kidato cha kwanza mwaka 1995. Alikuwa wa kwanza katika Hisabati mihula mitano mfululizo, ingawa ubaoni alikuwa haoni ila akisogea hatua mbili. Kwa maana ualbino hupunguza nguvu ya macho pia. Kidato cha kwanza na cha pili tulivaa kaptula na shati la mikono mifupi, na kofia ilikuwa marufuku ndani ya uzio. Hiyo ilikuwa sheria ya sare wakati huo, ya shule nyingi, na waliyoiweka hawakumfikiria yeye, kama ambavyo mshonaji wa sare hamfikirii mtu mmoja.

Nikiwa mkweli, paredi ya asubuhi haikuwa tatizo kubwa. Saa moja na nusu jua halijapanda. Lililomwumiza zaidi lilikuwa nje ya lango. Mnakumbuka kituo. Tulitoka saa nane mchana, na makonda wa daladala hawakututaka, kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu. Basi likija, konda anasimama mlangoni na kutuhesabu kwa kidole: wawili tu. Tulio weusi tulikaa juani saa nzima tukitaniana. Yeye alikaa pia, daftari juu ya kichwa, siku tano kwa wiki, kwa miaka minne. Hapakuwa na mti wala banda. Wakati huo ndio jua lina ukali wake: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mionzi inayoharibu ngozi hapa kwetu hufika ngazi ya juu kabisa ya kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Mawingu mepesi hupunguza joto, lakini mionzi hiyo huipunguza kidogo tu.

Alimaliza, akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi huko Mbagala. Alipokuwa na miaka 31 aliota kidonda kidogo nyuma ya sikio. Alipaka dawa ya mirija kutoka duka la dawa, kikakauka, kikarudi. Zahanati moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimpa vidonge vya kuua vijidudu mara tatu. Ulipita mwaka na miezi. Alipofikishwa Ocean Road, kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia ndani, na matezi ya shingo yamevimba. Walimpa matibabu ya mionzi, wakafanya waliloweza. Tulimzika mwaka 2013. Alikuwa na miaka 33, na mtoto wake mkubwa alikuwa darasa la pili.

Katika miaka ile watu wenye ualbino walikuwa magazetini kila wiki kwa sababu ya unyama wa mapanga, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Serikali na wananchi walipiga kelele, na ilikuwa haki kupiga kelele. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 13 Juni kuwa siku yao. Lakini mwenzetu hakuuawa kwa panga. Jua halina kesi polisi, na kwa hiyo haliandikwi.

Kinachoniuma, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kwa vitu vya kawaida. Kitu cha kwanza ni nguo. Shati la mikono mirefu la kitambaa kizito na suruali ndefu hushinda dawa yoyote, na havihitaji kupakwa upya. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote, sentimita 8 au zaidi, ivunike masikio na shingo. Kepu ya mbele haitoshi. Masikio hubaki nje, na mmesikia sikio limefanya nini. Mafuta ya kukinga jua hupakwa mahali ambapo nguo haifiki, nusu saa hivi kabla ya kutoka, na hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kule Moshi hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino wa nchi hii, na pale KCMC kipo chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho wataalamu wake huwafuata watu hawa vijijini kuwachunguza. Chunusi ngumu yenye magamba, au paku la kukwaruza linalorudi mahali pale pale, likionwa mapema hugandishwa kwa baridi kali au hukatwa, na mtu hurudi kazini siku hiyo hiyo. Vile vidoa vya kahawia vinavyotokea mashavuni mwa watoto hawa si kansa, ingawa vinaonyesha kuwa jua limewafikia. Cha kuogopwa ni kidonda ambacho mwezi umepita na hakijapona. Hicho kisipakwe dawa ya dukani tena. Kiende kliniki ya ngozi.

Sasa nije hapa shuleni. Ndugu Mkuu wa Shule ameniambia kwamba hivi leo wapo wanafunzi watano wenye ualbino. Sitawaomba wasimame, na nawaomba wengine msigeuze shingo kuwatafuta. Amenieleza pia kwamba walimu huwaruhusu kuvaa kofia. Nashukuru, na najua kwamba anasema kweli. Lakini mimi ni mtu wa mafaili, na najua tofauti ya ruhusa na kanuni. Ruhusa hukaa kichwani mwa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo akihamishiwa Kigamboni, ambako enzi zetu nako kulikuwa Temeke, anaondoka nayo, na mwalimu wa zamu mpya Jumatatu atamvua mtoto kofia mbele ya shule nzima, tena kwa nia njema.

Kwa hiyo ninaleta hoja. Najua kwamba Chama chetu kimekuwa kikichangisha fedha za kujenga lango jipya lenye jina la shule na nembo. Nimeiona ramani yake, ni lango zuri, na mimi mwenyewe nimechangia. Sisemi lisijengwe. Nasema lingojee mwaka mmoja. Fedha iliyopo kwanza ijenge banda la kivuli lenye mabenchi ndani ya uzio, pembeni ya lango lililopo, ili mwanafunzi yeyote, mweusi au mwenye ualbino, asubiri basi akiwa amekaa kivulini, na mlinzi awe anawatoa daladala linapokuja. Nimefikiria pia kulijenga pale kituoni penyewe, nikaacha. Hifadhi ya barabara ina wenyewe, na vibali vyake nakula mshahara kwa kuvijua. Banda lingekamilika vijana hawa wakiwa wamestaafu. Ndani ya uzio ni eneo letu, ruhusa ni ya Mkuu wa Shule na bodi yake.

Pamoja na banda, tununue kofia na mashati ya mikono mirefu kwa kila mwanafunzi mwenye ualbino anayejiandikisha, siku ile ile anayopewa sare, isiwe msaada wa kuombwa. Na mara mbili kwa mwaka tuwalipie nauli, pamoja na mzazi mmoja, waende kuchunguzwa kliniki ya ngozi. Hilo la nauli lionekane dogo, lakini ndilo linalowashinda wazazi. Mama wa mwenzetu alinieleza kwamba safari ya kutoka Mbagala hadi mjini, kurudi, na siku ya biashara iliyopotea, ilikuwa ndiyo sababu ya kusema "tungoje kidogo."

Upande wa shule, ninaomba kanuni ya sare iandikwe upya kwa sentensi moja: mwanafunzi mwenye ualbino atavaa kofia pana, mikono mirefu na suruali ndefu wakati wote awapo nje. Iandikwe "atavaa," isiandikwe "anaweza kuvaa." Kijana wa miaka kumi na minne akipewa hiari atavua kofia ili afanane na wenzake, nami ningekuwa na umri huo ningefanya vivyo hivyo. Kazi za bustani na michezo ya mchana wapangiwe saa za jioni au shughuli za ndani, na darasani wakae mbele. Wale watakaofanya mtihani wa Taifa, maombi ya karatasi za maandishi makubwa yapelekwe mapema, yasisubiri mwezi wa mtihani.

Na ninyi vijana ambao hamna ualbino, ninyi mnapanda basi. Konda anapohesabu wawili tu, mnajua nani aingie kwanza.

Jana nilipomweleza Mweka Hazina juu ya hoja hii, aliniuliza wachangiaji watasema nini, maana walitoa fedha kwa ajili ya lango. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba waulizwe, leo hii, kwa kunyoosha mikono, na wale wasioridhika mchango wao ubaki katika mfuko wa lango kama ulivyo. Orodha anayo yeye, na majina mengi yaliyomo yamekaa mbele yangu. Makadirio ya banda, mabati, nguzo, zege na mabenchi, nimeyaandika katika karatasi mbili ambazo nimemkabidhi Katibu. Fundi aliyenisaidia ni wa mwaka 1998, na kazi yake hataitoza.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa imekwisha. Naomba kutoa hoja.